Je, Tumbo Linalokataa Maziwa Lina Kosa?

Wapo wanaodhani kwamba maswali makubwa ya dini huzaliwa katika vitabu vikubwa tu. Mwalimu wa dini aliyekaa vijijini ajua ya kuwa sivyo. Swali ninalotaka kulijibu hapa lilizaliwa katika kata ya maziwa, katika kaya moja ya wilaya ya Itilima, mwendo usio mrefu kutoka mji wa Bariadi. Na kwa kuwa ndugu aliyeniuliza si peke yake mwenye taabu hiyo, nimeona yafaa nimjibu mbele ya wasomaji wote.

Ndugu huyo ni kijana mzaliwa wa uwanda wa Makonde, kusini kabisa mwa Tanzania, nchi ya mihogo na mikorosho ambako ng'ombe ni wachache. Alifika Bariadi kwa ajili ya kazi ya pamba, na huko huko Mwenyezi Mungu akamfungulia moyo akaingia katika Uislamu. Siku moja alikaribishwa katika kaya ya bibi mmoja wa Kisukuma, mwenye ng'ombe wengi na mkono mkunjufu. Bibi akamletea kata iliyojaa maziwa yaliyokamuliwa asubuhi ile. Kijana, kwa kuona haya na kwa heshima, akainywa yote. Haikupita saa mbili tumbo likaanza kujaa na kunguruma, na kutwa nzima ile alikuwa akienda chooni na kurudi. Akadhani ni uchafu wa maziwa mabichi. Lakini baadaye alipokunywa mjini maziwa yaliyochemshwa vizuri, yakamfanya vivyo hivyo.

Basi alipokwenda tena kwa yule bibi na kuletewa kata ile ile, akasema neno moja tu: "Sinywi." Aliona aibu kueleza sababu. Bibi akainyanyua kata yake, akaingia ndani kimya. Baada ya siku chache maneno yakaenea kijijini. Wengine walisema, "Anaogopa kuwekewa sumu." Wengine wakasema, "Dini yake mpya imemkataza kula kwa watu wasio wa dini yake." Maneno hayo ya pili ndiyo yaliyomleta kwangu akiwa na huzuni.

"Mwalimu," akaniambia, "nimeitia dini yangu aibu kwa sababu ya tumbo langu. Lakini liko zito zaidi ya hilo. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba katika usiku wa Isra Mtume Mtukufu s.a.w. aliletewa vyombo viwili, kimoja cha mvinyo na kimoja cha maziwa, naye akachagua maziwa, na Jibrili akamwambia kuwa ameongozwa kwenye fitra, yaani umbile safi la mwanadamu. Na Kurani Tukufu yayataja maziwa kuwa ni neema. Sasa, ikiwa maziwa ni alama ya umbile safi, mbona umbile langu layakataa? Je, ni mimi niliye na kasoro, au ni neema ambayo haikukusudiwa watu kama mimi?"

Sikumcheka. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, niliyaona hayo hayo. Kila usiku tulipewa maziwa ya moto kabla ya kulala. Wenyeji waliyanywa kama maji, na sisi wengine tuliotoka nchi za mbali tuliumwa tumbo tukaambizana kuwa ni ugeni au baridi. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akiyaacha alionekana mjeuri asiyeshukuru. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba jambo lile lina maelezo.

Jinsi lilivyo katika mwili

Ndani ya maziwa imo sukari ya namna yake iitwayo laktosi. Katika maziwa ya mama sukari hiyo ni kama sehemu 7 katika 100, na katika maziwa ya ng'ombe hukaribia sehemu 5. Haiwezi kuingia katika damu mpaka ikatwe vipande viwili, na kazi hiyo hufanywa katika utumbo mwembamba na kimeng'enya kiitwacho laktasi. Pale laktasi inapopungua, sukari huteremka nzima mpaka utumbo mpana. Huko bakteria huila, gesi hujaa, maji huvutwa ndani ya utumbo, na mtu huharisha. Hayo ndiyo yaliyompata ndugu yetu. Kuchemsha maziwa ni jambo jema na la lazima, kwa maana huua vijidudu vya maradhi, lakini hakuiondoi sukari hiyo.

Sasa msomaji na aangalie vema, maana hapa ndipo mzizi wa jibu. Kila mtoto mchanga, wa taifa lolote na rangi yoyote, huzaliwa na laktasi, isipokuwa kwa ugonjwa mmoja wa nadra sana. Mtoto wa Kimakonde, wa Kisukuma, wa Kimasai, wa Kiarabu, wa Kichina na wa Kizungu, wote hunyonya na kushiba. Baada ya kuachishwa ziwa, katika miaka ya utotoni, laktasi hupungua kidogo kidogo. Ndivyo ilivyo kwa wanyama wote wanyonyeshao, na ndivyo ilivyo kwa wanadamu walio wengi. Wataalamu wakadiria kuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wana laktasi iliyopungua. Ni theluthi moja tu ambao laktasi yao huendelea kama ilivyokuwa walipokuwa wachanga.

Kwa hiyo yule aumwaye tumbo kwa maziwa hana ugonjwa. Yuko katika hali ya zamani ya wanadamu wote, na yule anywaye bila shida ndiye aliye na badiliko lililokuja baadaye.

Lakini kwa muda mrefu mambo hayakuonwa hivyo. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliichukulia hali ya miili ya kwao kuwa ndiyo kanuni ya wanadamu, na asiyeweza maziwa wakamhesabu kuwa mgonjwa. Ni katika miaka ya 1965 na 1966 ndipo uchunguzi ulipoanza kuonyesha kwamba hitilafu hiyo hufuata asili za watu. Na mojawapo wa chunguzi za mwanzo ilifanyika hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1966 madaktari G. C. Cook na S. K. Kajubi walitangaza waliyoyaona Uganda: Waganda, ambao ni wakulima wa ndizi, karibu wote walikuwa na laktasi iliyopungua, hali Wahima na Watutsi, watu wa ng'ombe, wengi wao walikuwa nayo.

Historia iliyoandikwa katika mifupa na vyungu

Hitilafu hiyo ilitoka wapi? Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, miongoni mwao wataalamu wa Afrika, walitangaza uchunguzi wao uliohusu watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani. Watu walijitolea kunywa maji yenye gramu 50 za laktosi, kiasi kilichomo katika lita moja hivi ya maziwa ya ng'ombe, kisha damu yao ikapimwa mara kwa mara ionekane kama sukari imeingia. Chembe zao za urithi pia zikachunguzwa. Ikaonekana kwamba wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wana badiliko la herufi moja tu katika maandishi marefu ya urithi. Tena badiliko hilo haliko katika jeni yenyewe ya laktasi, bali liko umbali wa herufi 14,010 kutoka mwanzo wake, mahali panapofanya kazi kama swichi ya taa. Badiliko hilo likiwapo, swichi haizimwi ukubwani.

La kustaajabisha ni kwamba badiliko hilo si lile la Wazungu. Wazungu wanalo la kwao, na Waarabu wafugaji wa ngamia wanalo la kwao. Mataifa mbalimbali yalifikia jambo moja kwa njia mbalimbali, hakuna aliyelikopa kwa mwenzake. La kwetu lilienea upesi katika muda wa miaka 7,000 hivi iliyopita, nao ni muda mfupi mno katika historia ya mwanadamu.

Wakati huo huo ardhi nayo imetoa ushahidi wake. Mwaka 2021 Madeleine Bleasdale na wenzake walieleza kuwa katika ugaga wa meno ya watu wa kale wa Sudani na Kenya imeonekana protini ya maziwa, na iliyo ya kale zaidi ina umri wa miaka ipatayo 6,000. Kule Luxmanda, mkoani Manyara, penye mabaki ya makazi ya wafugaji wa miaka 3,000 iliyopita, vipande vya vyungu vimekutwa na mafuta ya maziwa yaliyonywea ndani ya udongo. Na mwaka 2019 Mary Prendergast na wenzake walipochunguza chembe za urithi za watu wa kale wa Kenya na Tanzania, walimwona mfugaji mmoja tu aliyekuwa na badiliko lile. Alizikwa katika pango la Gishimangeda, karibu na Ziwa Eyasi, yapata miaka 2,000 na kidogo iliyopita. Ukisimama Meatu, mashariki mwa mkoa wa Simiyu, ukatazama upande wa macheo, bonde la ziwa hilo liko mbele yako.

Basi tufikiri. Watu walikuwa wakitumia maziwa kwa maelfu ya miaka kabla miili yao haijaweza kuyavumilia. Waliwezaje? Waliwezaje wafugaji wa Luxmanda, ambao hatuna dalili kwamba walikuwa na badiliko lile, kuweka maziwa katika vyungu vyao na kuishi?

Aghalabu jibu liko katika kibuyu cha kila kaya ya Kisukuma hata leo: maziwa ya mgando. Maziwa yanapogandishwa, bakteria wema huila sehemu ya ile sukari, na kinachosalia husaidiwa kumeng'enywa na bakteria hao hao ndani ya tumbo la mnywaji. Samli nayo huwa karibu haina laktosi kabisa. Kwa hiyo kabla mwili haujabadilika, akili ilikwisha kutafuta njia. Mwanamke wa kwanza aliyeyaacha maziwa katika chombo mpaka kesho yake, akayaonja yaliyoganda na kuona kwamba hayamdhuru, jina lake halikuandikwa popote. Hata hivyo aliwatendea wanadamu wema mkubwa.

Neno gumu

Hapa mtafuta ukweli aweza kutuuliza swali lililo gumu kuliko lile la kwanza, wala si haki kulikwepa. Atasema: "Badiliko halienei upesi hivyo bila sababu. Limeenea kwa kuwa waliokuwa nalo walibaki na watoto wengi kuliko wasiokuwa nalo. Maana yake, wengine walikufa. Huruma ya Mungu iko wapi katika jambo hilo?"

Ni kweli, na isifichwe. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2022 kuhusu Ulaya ya kale, uliotumia maelfu ya vipande vya vyungu, umeeleza kuwa hatari ilikuwa kubwa hasa wakati wa njaa na wakati wa maradhi. Mtu aliyeshiba akiharisha kwa maziwa hupata taabu ya siku moja. Mtu aliyedhoofika kwa njaa, hana chakula ila maziwa mabichi, akiharisha hupoteza maji mwilini na kufa. Mkaaji yeyote wa Simiyu aliyeiona miaka ya ukame, mtama ulipokauka mashambani na ng'ombe wakabaki mifupa mitupu, aelewa bila kuelezwa zaidi. Mtoto aliyesalimika akawa mzazi, na mwenziwe hakuwa mzazi wa mtu yeyote.

Mimi sidai kuzijua siri zote za Mola wangu. Lakini naona mambo mawili.

La kwanza: kwetu sisi kuumbwa hatua kwa hatua si kinyume cha kuumbwa. Jina la Mwenyezi Mungu la Rabbi lina maana ya yule alezaye kitu na kukifikisha ukamilifuni daraja baada ya daraja. Anayekubali kwamba Mungu huumba mtoto tumboni kwa miezi tisa, wala hamwambii, "Mbona hukumwumba kwa dakika moja?", hana sababu ya kushtuka akisikia kwamba Mungu hulea mataifa kwa maelfu ya miaka. Lakini haimpasi mtu mwaminifu kugeuza malezi hayo kuwa hadithi tamu isiyo na maumivu. Yalikuwamo maumivu.

La pili: Mungu hakuwafungia waja wake mlango mmoja tu. Kuna njia ya damu na kuna njia ya akili. Njia ya damu ni ya polepole. Yahitaji mamia ya vizazi, huwachagua wengine na kuwaacha wengine, wala hakuna awezaye kuiomba wala kuikataa. Njia ya akili hufundishwa kwa siku moja. Bibi humfundisha mjukuu kugandisha maziwa, na mgeni hujifunza kwa mwenyeji bila kuulizwa ni wa kabila gani. Njia ya kwanza hupita kwa kufa kwa asiyenacho, na ya pili hupita kwa kupewa na aliyenacho. Mungu aliyetupa akili na huruma ametuamrisha tutembee katika hiyo njia ya pili, ili asiwepo tena mtu wa kufa kwa sababu tu ya namna tumbo lake lilivyoumbwa. Naona hapa tumepewa kazi, na anayeuliza huruma ya Mungu iko wapi na aiangalie pia mikono yake mwenyewe.

Maziwa na kiburi

Liko fundisho jingine ambalo historia yetu imelilipia kwa damu. Anywaye maziwa bila shida huweza kushawishika kudhani kuwa yeye ni bora. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alipita katika nchi ya Wasukuma mpaka akaliona ziwa kubwa karibu na Mwanza. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieneza dhana kwamba watawala wafugaji wa nchi zilizo magharibi mwa ziwa hilo ni watu wa asili nyingine, iliyo ya juu, na kwamba wakulima ni duni kwao. Dhana hiyo ilikuzwa na wengine, serikali za kikoloni zikaifanya msingi wa utawala, na watoto wa nchi moja wakafundishwa kuitazamana miili yao kama vyeo. Sisemi kwamba maziwa ndiyo yaliyoleta mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Nasema kwamba moto ule ulikuwa na kuni nyingi, na mojawapo ilikuwa ni desturi ya kupima utu wa watu kwa ng'ombe zao na kwa maumbile yao.

Na ukweli wenyewe waiangusha dhana hiyo. Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, majirani wa Meatu, hawafugi ng'ombe. Ni watu wa uwindaji, asali na mizizi. Walakini katika uchunguzi ule wa mwaka 2007 karibu nusu ya Wahadzabe waliopimwa walionekana kuwa na laktasi ukubwani. Tena hata katika kabila moja, na katika nyumba moja, ndugu wawili huweza kuhitilafiana. Basi nani atalifanya tumbo kuwa kipimo cha ustaarabu?

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, imekwisha kutuambia kuwa hitilafu za makabila na mataifa ni kwa ajili ya kutambuana, na kwamba utukufu mbele ya Mungu huja kwa ucha Mungu. Mtu hastahili sifa kwa kile alichorithi bila kukitafuta, wala hastahili lawama kwa kile alichokikosa bila kukikataa. Sifa na lawama hufuata hiari. Aliyepewa laktasi na ashukuru, akikumbuka kuwa urithi huo umemfikia kwa kupita katika makaburi ya wengi. Hapo hatakuwa na nafasi ya kujivuna.

Jibu kwa ndugu yetu

Sasa namrudia kijana wetu. Kuhusu fitra nilimwambia hivi: "Ndugu yangu, maziwa yamekuwa alama ya umbile safi, nawe umeona kwamba maziwa ndiyo chakula cha kwanza cha kila mwana wa Adamu. Kila mtu, na wewe pamoja nao, ulikuja duniani ukiwa na uwezo huo kamili. Mama yako kule kusini alikunyonyesha ukakua. Wewe hukuikataa fitra. Ulikwisha kuinywa kabla hujajua kusema. Hitilafu zimekuja baadaye, nazo ni za mwili, si za roho."

Kuhusu neema, aya ya Sura An-Nahl yatuelekeza kuwatazama wanyama wa mifugo, ambamo kinywaji safi hutoka mahali ambapo macho yangetarajia uchafu. Ni ishara ya kufikiriwa. Haikusemwa kwamba kila mtu alazimishwe kunywa. Asali nayo imetajwa katika sura hiyo hiyo kuwa ina ponyo, lakini hatumlazimishi mtu ambaye asali yamdhuru. Neema haiachi kuwa neema kwa sababu haikuwekwa katika kila mkono kwa namna moja. Mvua ni neema Maswa na Busega, ingawa mwenye nyumba ya udongo isiyoezekwa vema huiogopa.

Na kuhusu kukataa chakula cha mwenyeji, tunao mfano ulio bora. Mtume Mtukufu s.a.w. hakuwa akikitia chakula ila. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Siku moja aliletewa nyama ya mjusi mkubwa wa jangwani, naye hakula. Akaulizwa kama ni haramu. Akaeleza kuwa sivyo, ila mnyama huyo hakuwa katika nchi ya watu wake, naye haimridhii. Khalid bin Walid akaivuta nyama ile akaila mbele yake, wala Mtume hakumkataza. Tazameni adabu ya pande mbili! Asiyekula alieleza sababu yake waziwazi, wala hakuifanya tabia yake kuwa sheria kwa wengine. Aliyekula naye hakulaumiwa.

Nikamwambia, "Kosa lako si la tumbo. Tumbo halina dhambi, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Kosa lako dogo ni la ulimi. Ulisema 'Sinywi' ukanyamaza, ukamwacha mama wa watu kubuni sababu mwenyewe. Ukimya wako ndio ulioitia dini yako aibu. Rudi kwake ukamwambie kweli."

Tulikwenda pamoja. Kijana akapiga goti kidogo kwa heshima, akamwamkia, "Shikamoo bibi," kisha akamweleza yote bila kuficha, mpaka habari za chooni. Bibi alimsikiliza, halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mjukuu wangu," akasema, "kwa nini hukusema? Mimi mwenyewe siyawezi hayo. Tangu nilivyokuwa msichana sijayanywa yakiwa hivyo. Nilikupa wewe kwa sababu ni mgeni, nikataka kukupa yaliyo mapya. Sisi wenye nyumba hunywa ya mgando."

Akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando, na sahani ya michembe. Akaeleza kuwa siku hizi, kwa maonyo ya mabwana mifugo, huyachemsha kwanza ndipo huyagandisha. Kijana akanywa nusu ya kata kwa tahadhari. Tulikaa pale mpaka jua likaelekea magharibi, na tumbo lake likatulia.

Nilikuwa nikirudi Bariadi jioni ile nikiwaza neno la bibi yule. Alimpa mgeni kile ambacho yeye mwenyewe hakiwezi, akidhani ndio ukarimu. Mgeni akanywa kile kilichomwumiza, akidhani ndiyo heshima. Wote wawili walikuwa na nia njema, na wote wawili waliumia, kwa kuwa kila mmoja alimhukumu mwenzake kwa kumdhania badala ya kumwuliza. Ni mara ngapi sisi tunaohubiri dini tumefanya vivyo hivyo? Twampa mgeni katika imani kata iliyojaa mpaka juu, na anapoumwa twasema, "Hana shukrani." Kumbe pengine alihitaji ile ile neema ikiwa imewekwa kwanza usiku mmoja, ikatulia, ikawa laini, ikapimwa kwa kadiri ya tumbo lake.

Mwenyezi Mungu atupe shukrani bila kiburi kwa yale tuliyorithi, na subira bila manung'uniko kwa yale tuliyokosa. Na atupe ulimi wa kusema kweli kwa wenyeji wetu na sikio la kuwasikiliza wageni wetu. Amin.